BARAKOA NA PUMZI: KUTOKA MAJUMBA YA PWANI HADI SOKO LA KOMBEWA

Na Mwandishi Wetu

NENO barakoa si geni masikioni mwa watu wa Pwani. Kabla halijawa neno la hospitali, lilikuwa neno la sandukuni, likiwekwa pamoja na udi, dhahabu na nguo za kutokea. Asili yake ni Kiarabu, burqu, na kwetu lilikuwa jina la kifuniko cha uso walichovaa mabibi wenye daraja wa Unguja na Omani. Bibi Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja aliyeolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, ameitaja barakoa katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1886. Hata leo katika nchi za Ghuba wapo bibi vizee wasiotoka nje bila ya kuivaa.

Mwenye kuitazama barakoa ile ya zamani ataona jambo moja la werevu. Katikati, juu ya pua, huwa na kijiti chembamba kilichoshonewa ndani ya kitambaa. Kijiti hicho huipa barakoa umbo lake, na papo hapo hukiinua kitambaa kisilale juu ya pua. Basi mabibi wale walijua, bila ya kufundishwa na daktari yeyote, kwamba uso unaweza kufunikwa na pumzi ikaachiwa njia yake.

Mwaka 2020 neno hilo likafanya safari ya ajabu. Tarehe 13 Machi mwaka huo Serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na mwezi wa Aprili ikawa sharti kila mtu afunike pua na mdomo awapo mahali pa watu. Atakayekaidi alitishiwa faini ya shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Redio na magazeti yalihitaji jina la kitambaa hicho, na jina lililoshika likawa lile la mabibi wa Unguja. Likapanda bara, likapita Nairobi, likashuka Bonde la Ufa, likafika ziwani.

KOMBEWA NI WAPI?

Ndugu msomaji, Kombewa ni soko dogo katika nchi ya Seme, magharibi ya mji wa Kisumu, upande wa kaskazini wa Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria. Wenyeji wake ni Wajaluo, wakulima na wavuvi. Samaki wao ni ngege, mbuta na omena, na kazi ya kuanika, kukaanga na kuuza samaki hao kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa wanawake.

Lakini Kombewa ina jina jingine miongoni mwa wataalamu wa tiba. Hapo pana kituo cha utafiti cha KEMRI na Walter Reed. Majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009, yalifanywa katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na vitatu kati ya hivyo vilikuwa Kenya: Siaya, Kombewa, na Kilifi yetu ya Pwani. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki, na mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo itumike. Kwa hiyo mtoto wa Kombewa na mtoto wa Kilifi ni ndugu wa sindano moja, na watu wa huko hawakuwa wageni wa madaktari wala wa maswali yao.

Hata hivyo, barakoa ilipofika, hofu ya Kombewa ilikuwa ndiyo hofu ya Kongowea: kwamba kitambaa hiki kinakata pumzi. Wako waliosema kinamrudishia mtu hewa chafu aliyokwisha kuitoa, wengine wakasema kinamaliza oksijeni katika damu. Wengi wakaishusha kidevuni, wakaipandisha walipomwona askari tu. Je, hofu hiyo ilikuwa na ukweli? Tuitazame pumzi yenyewe.

HESABU YA PUMZI MOJA

Mtu mzima aliyetulia huvuta kiasi cha nusu lita ya hewa kwa kila pumzi, yaani mililita 500, na huvuta mara 12 hadi 20 kwa dakika. Si yote inayofika kazini. Mililita 150 hivi hubaki njiani, puani, kooni na katika mirija mikubwa, kisha hutoka kama zilivyoingia. Zile 350 zilizobaki ndizo zinazofika katika vifuko vidogo vya mapafu, ambako damu huchukua oksijeni na kuacha hewa chafu, kabonidayoksaidi.

Hewa tunayoivuta ina oksijeni asilimia 21, na tunayoitoa bado ina kama asilimia 16. Mwili hautumii yote. Kabonidayoksaidi, ambayo katika hewa ya nje haifiki hata sehemu moja katika elfu, huwa kiasi cha asilimia 4 katika hewa tunayoitoa.

Ni kweli, basi, kwamba nyuma ya barakoa hubaki hewa kidogo iliyotoka kinywani, nayo huvutwa tena pamoja na hewa mpya. Lakini nafasi hiyo ni ndogo, na kitambaa si ukuta. Chembe ya kabonidayoksaidi ni ndogo mno, na tundu la kitambaa mbele yake ni kama lango la Ngome ya Mombasa mbele ya sisimizi. Hupita kwenda na kurudi bila ya kubisha hodi. Watafiti waliopima damu za watu wazima wenye afya waliovaa barakoa za kitambaa au zile nyepesi za hospitali hawakuona oksijeni ikishuka kwa kiasi cha kumdhuru mtu. Madaktari wa upasuaji huzivaa kwa saa nyingi, na mikono yao haitetemeki.

Ipo hoja nyingine ambayo msafiri wa Pwani anaweza kuipima mwenyewe. Mombasa iko usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko kiasi cha mita 1,135 juu yake, na huko hewa ni nyepesi zaidi. Katika kila pumzi, mtu wa Kombewa hupata oksijeni pungufu kwa kiasi cha sehemu moja katika nane ukimlinganisha na mtu wa Mombasa. Tangu reli ilipofika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, watu wa Pwani wamekuwa wakienda huko kufanya biashara, kuoa na kusomesha watoto wao, na hakuna aliyeteremka kwenye gari la moshi akalalamika kwamba amepungukiwa na pumzi. Mwili hujirekebisha kimyakimya. Mtu asiyeogopa kupanda mlima wa Kisumu hana sababu ya kuogopa kipande cha kitambaa.

KWA NINI BASI TUNAHISI KUZIBWA?

Hapa lazima tuseme kweli: aliyesema barakoa inamsumbua hakuwa mwongo. Taabu ipo, ila chanzo chake si kile anachokidhania.

Kwanza ni joto na unyevu. Hewa itokayo kinywani ina joto karibu na lile la mwili, na imejaa mvuke. Ngozi ya mdomo na mashavu ina mishipa mingi ya fahamu, na inapozungukwa na mvuke huo hupeleka habari kwenye ubongo kwamba hewa ni nzito. Penye joto la Mombasa au la Kisumu, habari hiyo hupelekwa kwa sauti kubwa zaidi.

Pili ni uzito wa kuvuta. Kila kitambaa hutia ugumu kidogo katika kupita kwa hewa. Kikiwa kikavu na cha kadiri, ugumu huo ni mdogo. Kikilowa jasho au mate hunata usoni, na matundu yake huzibwa na maji. Ndiyo maana barakoa iliyolowa hubadilishwa, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikushauri mtu kuivaa wakati wa kukimbia au kufanya mazoezi mazito. Barakoa nzito za N95 wanazovaa wauguzi huwa na ugumu zaidi. Waliozivaa zamu nzima wengi wamelalamika kuumwa na kichwa, kupata chunusi, na kubaki na alama puani na mashavuni.

Tatu ni hofu, na hii ndiyo kubwa. Mwenye hofu huvuta pumzi fupi fupi za haraka. Turudi kwenye hesabu yetu. Aliyetulia, akivuta mililita 500 mara 14 kwa dakika, hufikisha mapafuni 350 kila mara, jumla mililita 4,900. Mwenye hofu akivuta 250 tu kila mara, hata akienda mbio maradufu, mara 28, zile 150 za njiani hazimpungukii. Humbakia 100, na jumla yake ni 2,800. Wote wawili wamevuta lita saba kwa dakika, lakini mmoja amepata kidogo zaidi ya nusu ya mwenziwe. Kitambaa hakikumnyang'anya kitu. Aliyemnyang'anya ni haraka yake mwenyewe. Dawa yake ni kusimama, kulegeza mabega na kuvuta pumzi ndefu ya polepole kwa pua. Haraka haraka haina baraka, hata mapafuni.

Wako pia wanaostahili kuangaliwa kwa makini. Mtoto chini ya miaka miwili hafungwi barakoa, wala mtu asiyeweza kuivua mwenyewe. Mwenye pumu kali, ugonjwa wa moyo au wa mapafu na amwulize daktari wake. Na kiziwi anayesoma midomo hupoteza mazungumzo yote pale mwenziwe anapojifunika, jambo ambalo wengi hatukulifikiria.

PUMZI INAYOIBWA KIMYA

Mwezi wa Mei 2021 aina mpya ya virusi vya korona, iliyoonekana kwanza India na baadaye ikaitwa Delta, iligunduliwa Kisumu. Tarehe 1 Juni mji huo ukawa mwenyeji wa sherehe za Siku ya Madaraka. Tarehe 17 Juni Serikali ikaziwekea masharti makali kaunti 13 za ziwani na magharibi, Kisumu ikiwamo, na watu wakatakiwa kuwa majumbani kuanzia saa moja za usiku hadi saa kumi za alfajiri. Hospitali kuu ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wenyeji hadi leo huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi, ikawa ndiyo kimbilio la wagonjwa.

Hapo ndipo watu walipojua maana ya kukosa oksijeni. Virusi hivyo vilipoingia mapafuni vilivimbisha vile vifuko vidogo vya hewa na kuvijaza maji. Mtu mwenye afya, akibanwa kidoleni kile kifaa cha kupimia, huonyesha asilimia 95 hadi 100 ya oksijeni katika damu. Wako wagonjwa waliofika hospitali kifaa kikionyesha chini sana ya hapo, nao wanazungumza, hawahemi, wanauliza kwa nini wameletwa. Sababu ni kwamba kinachotusukuma kuvuta pumzi zaidi ni kule kurundikana kwa kabonidayoksaidi. Upungufu wa oksijeni peke yake hausukumi sana mpaka uwe mkubwa. Hewa chafu ikiendelea kutoka, ubongo husema mambo ni salama, kumbe nyumba inaungua kwa ndani.

Hebu tulinganishe, msomaji. Mwenye barakoa huhisi amezibwa, na damu yake imejaa oksijeni. Mwenye Delta alihisi hana neno, na damu yake ilikuwa tupu. Kuhisi si kupima. Aliyeitupa barakoa kwa kuogopa kukosa pumzi aliufungulia mlango ugonjwa ambao huiba pumzi bila ya mwenyewe kujua.

BARAKOA HUZUIA NINI?

Fikira ya kufunika pua na mdomo dhidi ya maradhi si ya jana. Katika tauni ya Manchuria ya mwaka 1910 na 1911, daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, aliona kwamba ugonjwa ule unakwenda kwa hewa ya kikohozi. Akawaamuru wauguzi wavae barakoa za shashi na pamba. Daktari mmoja Mfaransa, Mesny, aliidharau rai hiyo, akaingia wodini bila ya kujifunika. Baada ya siku chache alikufa. Miaka michache baadaye, mwezi wa Septemba 1918, homa kuu ya mafua iliingia nchini kwetu kwa bandari ya Mombasa, ikapanda bara kwa njia ya reli.

Msomaji atauliza: ikiwa matundu ya kitambaa hupitisha hewa, virusi vitazuiwaje? Jibu ni kwamba virusi havisafiri vitupu. Hupanda matone ya mate na unyevu wa pumzi, na matone hayo yakigusa nyuzi hunasa. Nyuzi zikiwa tabaka tatu, yanayopenya huwa machache. Huko Bangladesh, mwaka 2020 na 2021, watafiti waligawa barakoa na kuzihimiza katika vijiji vya watu wazima zaidi ya 300,000. Uvaaji ulipanda kutoka asilimia 13 hadi 42, na wagonjwa wenye dalili waliothibitishwa kwa damu wakapungua kwa kiasi cha asilimia 9, na zaidi ya hapo kwa wazee waliopewa barakoa za hospitali. Si muujiza. Wataalamu wangali wakibishana juu ya kiasi cha faida yake. Ni ngao, na ngao haimzuii mtu kujeruhiwa kila mara.

Kwa ndugu zetu wanawake wa Pwani liko swali walilouliza wengi wakati ule: je, nikabu yatosha? Nikabu ni sitara, na kazi yake ya sitara inaifanya. Lakini kwa kawaida ni kitambaa chepesi kinachoning'inia, na hewa hupita chini na pembeni. Penye ugonjwa wa hewa, anayeivaa ni vyema avae barakoa ya kubana ndani yake. Wengi walifanya hivyo, na sitara yao haikupungua kitu.

Na katika swala? Kufunika mdomo mtu akiwa katika swala kumekatazwa katika Hadithi, na wanazuoni wengi wamekuhesabu kuwa ni makuruhu. Lakini wamesema pia kwamba haja huondoa karaha. Misikiti ilipofunguliwa tena mwezi wa Julai 2020, kwa watu wasiozidi 100 na kwa muda wa saa moja, waumini walisimama mbalimbali, kila mtu na msala wake na barakoa yake. Na adabu ya kufunika uso kwa mkono au kwa nguo wakati wa kupiga chafya Waislamu wamefunzwa na Mtume wao (S.A.W.) tangu zamani.

ADUI ALIYEBAKI JIKONI

Sharti la barakoa mahali pa wazi liliondolewa Kenya tarehe 11 Machi 2022, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena. Lakini pumzi ya mama wa ziwani, na ya mama wa Pwani pia, haijasalimika.

Mtazame mwanamke anayekaanga samaki juu ya mafiga, macho yamemwiva, kanga puani. Kanga hiyo haimkingi. Moshi wa kuni una chembe ndogo kuliko matone ya mate, na una hewa ya sumu, kabonimonoksaidi, ambayo kitambaa hakiwezi kuizuia kamwe. Sumu hiyo hushika chembe nyekundu za damu mahali pa oksijeni na kukataa kuachia. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Hapa barakoa si dawa. Dawa ni kupikia penye upepo, kufungua dirisha, kukausha kuni, kupata jiko lenye bomba la kutolea moshi, na kumwondoa mtoto mgongoni mwa mama anayepuliza moto.

Na kifua kikuu bado kipo. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazosumbuliwa sana na ugonjwa huo, ambao huenda kwa hewa ya kikohozi. Katika zahanati mgonjwa wa kifua kikuu huvaa barakoa nyepesi ili asitoe, na muuguzi huvaa ile nzito ili asipokee. Kabla ya 2020, aliyeonekana amejifunika mdomo sokoni alinyoshewa kidole. Katika miaka ile miwili, watu wote wakijifunika, mgonjwa alipata kustirika, hakuna aliyemjua. Sasa amerudi kuwa peke yake, na wengi huona aibu wakaiacha barakoa nyumbani, wakakaa katika matatu wakikohoa madirisha yamefungwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na katika maradhi ya hewa kifo hicho hakimwumbui yeye peke yake.

Hili linatuhusu sisi tusiougua kuliko linavyomhusu mgonjwa. Ukimwona mtu amevaa barakoa, Kombewa au Kongowea, usimwulize ana nini wala usimhame. Mpishe nafasi, fungua dirisha, na umshukuru kwa moyo, kwani yeye hajikingi na wewe; anakukinga wewe na yeye.